Sala Ndefu ya Zamu ya Asubuhi

Watu wakisimulia habari za mgomo wetu pale kiwanda cha kufulia, mimi hutazama chini, nao hudhani ni unyenyekevu. Si unyenyekevu hata chembe. Natazama chini kwa sababu najua ulivyoanza. Ulianza kwa kuwa mwanamke mzima, mjane, bibi wa watu, aliogopa kufumbua macho.

Ngoja nieleze vizuri. Kiwanda chetu kinafua mashuka ya hospitali. Yanaingia kwa mlango wa nyuma katika hali ambayo sitaisema mbele ya mtu anayekula. Yanafuliwa, yanakamuliwa, yanapita kwenye mashine kubwa ya pasi inayotema mvuke, kisha yanatufikia sisi wakunjaji. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Wewe unashika pembe mbili huku, mwenzako mbili kule, mnalivuta likanyooka, mnakutana katikati mkakabidhiana pembe, mnarudi nyuma, mnakutana tena. Ni kama kucheza ngoma, ila hakuna muziki wala wa kukutunza.

Mwenzangu wa shuka alikuwa Chiriku. Jina walimpa watu wa kiwandani, maana mdomo wake haukujua likizo. Mimi waliniita Mama Sala, kwa kuwa kila asubuhi kabla ya mashine kuwashwa ndimi niliyeomba kwa niaba ya wote. Pale walikuwepo wa kanisani, wa msikitini, na wale ambao Mungu mwenyewe ndiye ajuaye wako wapi, kwa hiyo niliomba kwa maneno yasiyomkwaruza mtu. Meneja aliipenda sana sala hiyo. Alisema inatuliza wafanyakazi. Tena alikuwa ametoa amri: sala ikianza, hakuna mashine kuzunguka. Kuna mama mmoja zamani alifumba macho akiomba huku mkono uko kwenye pasi, akatoka na kovu. Basi mpaka niseme Amina, kiwanda kizima kilikuwa kimya kama kisima.

Korona ilipoingia mjini, mambo yakabadilika. Sakafuni walibandika utepe wa njano kutuonyesha pa kusimama, mbalimbali kama watu waliogombana. Mikusanyiko ikapigwa marufuku. Msimamizi wetu, tuliyemwita Filimbi kwa sababu ya kile alichokivaa shingoni, akawa anaipuliza kila akiona vichwa viwili vimekaribiana. Lakini shuka je? Shuka lilikuwa halijasoma tangazo. Kila tulipolikunja tulikutana katikati pua kwa pua, na Filimbi akibaki ameshika filimbi mdomoni, hajui apulize au ameze.

Getini waliweka bango: mwenye homa abaki nyumbani. Chiriku akapata homa. Akabaki nyumbani, kama bango lilivyosema. Alipopona, zahanati ikamruhusu, akarudi kazini amevaa barakoa mpya na kitambaa alichokipiga pasi mwenyewe. Mlinzi akamzuia. Meneja akatoka kidogo, akasimama mbali, akasema, "Asiyeonekana kazini ameacha kazi. Mimi simfukuzi mtu. Umejiondoa mwenyewe."

"Bosi, bango lako ndilo lililonibakisha!"

"Bango linasema ubaki nyumbani. Halisemi utabaki na kazi."

Akarudi ndani. Mimi nilikuwa naingia zamu, nimesimama hapohapo, nimeona yote, nimesikia yote. Nikamsogelea Chiriku, umbali wa adabu ya siku zile, nikampa nilichokuwa nacho.

"Mungu yupo, dada."

Chiriku akanitazama. Ana watoto, na baba yao ni wa kupita kama mvua za msimu. "Najua yupo," akasema. "Yeye sijamuuliza. Nauliza wewe uko wapi."

Nikaingia kazini. Hiyo ndiyo picha yangu halisi, mkitaka kuichora: mwanamke anayemwambia mwenzake Mungu yupo, kisha anaingia ndani kuwahi zamu.

Baada ya hapo watu wakaona funzo. Ukiugua, usiseme. Wakaanza kuja na homa zao, wamemeza vidonge, wamefunika pua. Yule wa mashine ya kukamulia, tuliyemwita Komeo kwa kuwa hakuwa akifungua mdomo ila kwa kula, akaanza kufanya kazi huku ameegemea mashine, jasho likimtiririka hata kabla mvuke haujapanda. Kila mtu aliona. Hakuna aliyeona.

Ndipo fundi wa boila akaja kunizungukia. Fundi ni mtu wa makamo, hana haraka, miaka yote ameishi na mvuke akajifunza kutoa maneno kidogokidogo asije akapasuka. Akajifanya anakagua bomba karibu na meza yangu.

"Mama, hili la Chiriku tunaliachaje?"

"Tunamwombea, fundi."

"Sawa. Na baada ya kumwombea?"

Nikavuta shuka kwa nguvu isiyohitajika. Akaondoka. Lakini alikuwa ametia kijiti kwenye kiota cha nyigu.

Kukutana hatukuweza. Kuandika hatukuthubutu. Lakini tulikuwa na mashuka. Kila pembe mbili zinapokutana, sentensi moja inapita. Unarudi nyuma, unavuta, unarudi mbele, unapata jibu. Filimbi naye, ili tusizoeane na kupiga soga, alikuwa akitubadilisha wenza kila toroli likijaa. Hakujua kwamba anatusaidia. Neno nililomwambia mwenzangu wa toroli la kwanza lilikuwa limefika dirisha la mwisho kabla ya chai. Wako watu wanaosema umoja wetu uliundwa na fundi wa boila. Mimi nasema uliundwa na Filimbi, na hajawahi kushukuriwa.

Tukakubaliana mambo mawili tu: Chiriku arudi, na mtu akiugua abaki nyumbani kazi yake ikimngoja. Hapo mimi, kwa kiherehere changu, nikatuma swali: "Nani atamwambia meneja?"

Swali likaondoka na shuka langu, likazunguka ukumbi mzima. Lilipomrudia aliyelituma, lilikuwa limeshiba. Mwenzangu akanikabidhi pembe, akasema, "Wamesema aliyeuliza."

"Mimi niliuliza tu!"

"Ndiyo. Wewe."

Nikamfuata fundi kule kwake, nimekasirika kwa sauti ya chini. "Kwa nini si wewe? Wewe ni mwanamume, una kifua, umewahi kusafiri."

"Mimi nikisema, atasema ni siasa. Wewe ukisema, atasema ni mama."

"Na mkinitanguliza, ninyi mtakuwa wapi?"

"Nyuma yako, mama."

"Nyuma umbali gani?"

"Umbali unaotakiwa na serikali."

Akacheka. Mimi sikucheka. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alizoea kuwaambia wageni kwamba mke wake akikutana na kuku mkubwa njiani humpisha. Alikuwa akitia chumvi. Yule alikuwa jogoo.

Tulipanga iwe Jumatatu, maana Jumatatu meneja huwa anashuka kutoka ofisini kuhudhuria sala. Nikishasema Amina, nimgeukie, niseme. Basi Jumapili nikafanya mazoezi jikoni. Nilikuwa nimeinjika maharage, nikasimama mbele ya sufuria, nikalieleza yote: habari ya Chiriku, habari ya homa, habari ya bango. Nilisema vizuri sana. Maharage yalikubali kila kitu. Nikaenda kulala nikijiona mwanasheria.

Jumatatu nikafika, tukajipanga kwenye utepe wa njano. Meneja akashuka. Ni kijana kuliko mimi, angeweza kuwa mwanangu wa kati, shati jeupe, barakoa ameivaa chini ya pua kama kidevu ndicho kinachovuta pumzi. Filimbi kando yake. Fundi akazima alivyotakiwa kuzima. Kimya. Nikafumba macho, nikaanza.

Nikashukuru kwa uzima. Nikawaombea wagonjwa, madaktari, wauguzi. Kwa kawaida hapo ndipo naelekea Amina. Nikaiona kwa mbali, kama mtu anavyoona kituo chake cha kushukia. Na nikaona kilicho nyuma yake: kufumbua macho, kumgeukia yule kijana mwenye shati jeupe, na kufungua mdomo.

Nikapitiliza kituo.

Nikawaombea madereva. Nikawaombea wanaotengeneza sabuni. Nikaliombea boila, nikimwomba Mungu alilinde na kutu. Nikasikia watu wakibadilisha miguu. Nikamwombea Filimbi mapafu mema, na mtu akakohoa kicheko. Kila nilipoikaribia ile Amina nilikata kona nyingine. Nadhani niliwaombea hata samaki, maana nakumbuka kutaja vilivyomo majini.

Akiba ikaniishia. Kichwani nikawa nimebakiwa na jambo moja tu, lile nililokuwa nalikimbia, na mdomo ulikuwa umeshazoea kutembea. Likatoka.

"Ee Mungu, wewe unamjua mwenzetu Chiriku. Wewe uliona homa yake. Wewe ulisoma lile bango la getini, alilolitii. Mrudishe kazini, Mungu wetu."

"Amina!" wakaitika wote. Na ndani ya mwitiko ule, kwa mazoea ya Jumatatu zote, nikasikia sauti ya meneja nayo ikiitika.

Nikapata nguvu, nguvu za mwoga aliyejificha mahali pazuri. "Na mwenye homa abaki nyumbani, Mungu wetu, na kazi yake imngoje."

"Amina!" Safari hii ile sauti haikuwemo.

Nje gari la hospitali likapiga honi. Lilikuwa limefuata mashuka ya asubuhi, nayo yalikuwa bado kwenye matoroli, mabichi, yakisubiri pasi. Honi ya pili. Boila likatoa mvuke wake wa ziada, shiiii, kama mzee anayevumilia hotuba.

"Mama," meneja akasema polepole, "nadhani Mungu amesikia."

Hapo mtu mwenye akili angesema Amina. Mimi nikasema, "Na wewe Bwana unayesikia, wafungue masikio na wengine." Nikamsikia fundi nyuma yangu, kwa sauti ya bomba linalovuja: "Endelea, mama. Endelea hivyohivyo."

Yeye alidhani ni mbinu. Wote walidhani ni mbinu. Mpaka leo wanasema Mama Sala alizima kiwanda kwa sala, kisha wanapeana mikono hewani. Wangejua kuwa mimi nilikuwa natafuta tu sentensi ya kunikalisha ndani ya sala, kama mtoto anayejifungia chooni asitoke kuchapwa!

Ndipo meneja akauliza, si kwa ukali, kwa mshangao hasa: "Mama, unaniombea au unanisema?"

Swali lile lilinichoma mahali ambapo honi haikufika. Kwa sababu tangu utoto nimefundishwa kwamba ukifumba macho unazungumza na mmoja tu. Nami nilikuwa nimesimama pale, nimefumba macho, nazungumza na mwingine. Nimemfanya Mungu kipaza sauti. Niliona aibu, nawaambia kweli, aibu kubwa kuliko woga, na hiyo ndiyo iliyonifumbua. Si ushujaa.

Nikasema Amina. Nikafumbua macho.

Nikatazamia watu wakimbilie mashine. Mimi mwenyewe mguu ulishaanza kuelekea mezani kwangu, mazoea ni mazoea. Lakini hakuna aliyesogea. Walikuwa wamesimama kila mmoja kwenye utepe wake, mikono imefungwa, na Filimbi akapuliza, na hakuna aliyesogea. Nikaurudisha mguu wangu taratibu, nikitumaini hakuna aliyeuona.

"Bosi," nikasema, "samahani. Nilimwambia Mungu kwa sababu nakuogopa. Sasa nakwambia wewe. Chiriku arudi kazini. Na anayeugua asipoteze kazi."

"Nani amekutuma?"

"Hawa wote. Lakini huu mguu unaotetemeka ni wangu mwenyewe."

Mtu akacheka, akanyamaza.

"Na nikikataa?"

Hapo nikakwama. Jikoni maharage hayakuwahi kukataa. Nikasema kilichokuja: "Basi itabidi nimrudie Mungu, bosi. Ile sala niliifupisha."

Kicheko kikapasuka ukumbi mzima, hata Filimbi akageukia ukutani. Lakini meneja hakucheka, na mlango wa nyuma ukafunguliwa. Dereva wa hospitali akaingia, amechoka, macho mekundu juu ya barakoa.

"Jamani, kuna nini? Wodi nzima wamelala kwenye plastiki. Mashuka yako wapi?"

Meneja akatugeukia, akainua mikono. "Mnaona? Mnaona mnachokifanya? Wagonjwa wanalala bila shuka kwa ajili ya sala yenu."

Kicheko kikafa. Mimi nilihisi kama nimepigwa kofi. Niliwaona kichwani wale wagonjwa, ngozi zao zimegandamana na plastiki, wengine labda ni mara yao ya mwisho kulala kitandani. Nikasema moyoni, basi, yatosha, nenda ukakunje. Nikageuka kweli. Na nilipogeuka nikamwona Komeo. Ameishika mashine yake ya kukamulia kwa mikono miwili kama mtu aliyemo ndani ya meli, na shati limemganda mwilini.

Nikamgeukia tena meneja. "Na tukiwapelekea mashuka yaliyopita mikononi mwa mwenye homa, bosi, tutakuwa tumewasaidia?"

Dereva akashtuka. "Mwenye homa gani?"

"Hakuna mwenye homa hapa," meneja akasema haraka. "Huyu mama anasema tu. Hapa kila mtu ni mzima. Waulize."

Dereva akatutazama mmoja mmoja. Mimi ningeweza kunyoosha kidole. Sikunyoosha. Ile homa haikuwa yangu kuitangaza, na aliyekuwa nayo alijua yaliyompata Chiriku. Nikasimama, nikanyamaza, kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Komeo akainua mkono.

"Mimi," akasema. Sauti yake ilikuwa nzito kwa kutotumika. "Mimi ninayo. Tangu Ijumaa. Nimekuja kwa sababu nina watoto."

Walio karibu naye wakarudi nyuma, kisha wakaona haya kwa kurudi nyuma, wakasimama. Dereva akapiga hatua kuelekea mlangoni. "Mimi sibebi kitu kutoka hapa," akasema, "mpaka nipige simu." Na akaitoa simu kweli.

Sijawahi kumwona mtu akifikiri haraka kama meneja wetu wakati ule. Kwanza alivuta barakoa ikafunika pua. Kisha akasema, "Ngoja, ndugu. Ngoja usipige." Akamgeukia Komeo. "Wewe nenda zahanati. Sasa hivi."

Komeo hakuondoka. Akanitazama mimi.

"Na kazi yake?" nikauliza.

"Kazi yake ipo."

"Useme ili wote wasikie, bosi. Mimi sikio langu la kushoto si zima." Ni zima kabisa. Mungu atanisamehe, siku ile alikuwa ameshanisamehe makubwa zaidi.

"Kazi yake ipo!" akapaza sauti. "Anayeugua abaki nyumbani, kazi yake ipo! Mmeridhika?"

"Na Chiriku?"

Akafumba macho, yeye sasa. "Na huyo ndege wenu arudi kesho. Washeni mashine."

Komeo akatoka, watu wakimpisha njia pana, na mmoja wao akampa chupa yake ya maji. Mashuka yale yaliyopita kwake yakarudishwa kufuliwa upya, dereva akisimamia. Tulifanya kazi kama wendawazimu. Fundi alipandisha mvuke mpaka madirisha yakalia machozi. Kabla ya chai, gari lilikuwa limeondoka na mzigo.

Halafu Filimbi akaja mezani kwangu, uso wa kazi. "Meneja amesema kuanzia kesho hakuna sala kazini. Kila mtu aombe kwake."

Nikaitikia kwa kichwa. Fundi alipopita aliniambia, "Umeona, mama? Ametuogopa." Alifurahi. Ile sala niliianzisha mwezi niliofiwa, wakati nilikuwa siwezi kufungua zamu bila kusema neno. Nikakunja mashuka yangu nikajiambia kwamba nimelipwa ninachostahili. Niliyemtumia Mungu kama mwavuli nisilalamike mwavuli ukichukuliwa.

Jioni nikapita kwa Chiriku. Anakaa chumba cha nyuma, nyumba ya kupanga. Sikuingia, nikasimama uani, naye akatokeza kichwa dirishani, nywele hazijachanwa, kijiko mkononi.

"Kesho uje kazini," nikamwambia.

"Nani kasema?"

"Meneja."

"Nani kamwambia meneja?"

"Mimi."

Akanitazama kama mtu anayeambiwa ng'ombe amepanda ngazi. "Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ambaye fundi akipiga chafya unaomba radhi?"

Basi nikamweleza. Nilikusudia kueleza kwa heshima, kama mtu aliyefanya jambo. Lakini nilipofika kwenye boila na kutu Chiriku akaanza, nilipofika kwenye samaki akaangusha kijiko, na nilipofika kwenye maharage alikuwa ameinamia dirisha, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, na mimi nami nikashindwa, tukacheka mpaka mpangaji wa mbele akafungua mlango kutazama.

Kisha Chiriku akakohoa.

Kicheko kikakatika kote kuwili. Akaweka kiganja kifuani. Mimi nikasimama uani nimeshika kanga yangu, tukitazamana, tukisikiliza kama kikohozi kingine kitafuata.

Hakikufuata.

"Ni kicheko tu," akasema.

"Ni kicheko," nikasema.

Tukangoja kidogo tena, kisha akainama kuokota kijiko.